Sumaku ya Spika na Kichupa cha Zebaki

Kabla hamjashika karai, naweni mikono. Na sisemi kumwagia maji juu juu kama mtu anayewahi pilau la shughuli. Naweni kwa sabuni mpaka viwikoni, na kama nywele mmezipaka mafuta, fungeni kilemba kikaze. Watu wengi wakija kuniuliza habari za dhahabu wanategemea nianze na mahali ilipo. Mahali ilipo mie sina la kuwaambia. Kazi yangu haikuwa kuitafuta. Kazi yangu ilikuwa ile ya mwisho, ya kuitoa dhahabu ya unga kwenye mchanga mweusi, na katika kazi hiyo mikono yenye mafuta ni balaa.

Nilijifunza hivyo kwa aibu. Nilitoka hapa Chumbageni nikiwa mtu mzima, mjane, sina mtoto, nikapanda milima ya juu ya Muheza nikiwafuata watu waliosema mto wa kule una dhahabu. Mwanamke wa pwani mie, asubuhi sitoki bila kujipaka mafuta ya nazi, mikono, miguu, nywele, mpaka nameremeta. Kule mwaloni, yaani pale mtoni watu wanapooshea mchanga, nikapewa karai nioshe. Nikalizungusha nilivyoona wenzangu wakizungusha. Mawe yakatoka, tope likatoka, mchanga mweupe ukatoka, ukabaki ule mweusi mzito chini, na juu yake kamstari kembamba ka njano. Nikatumbukiza vidole nikaugusagusa. Mara naona maji yamefanya utando wa rangi rangi, na ile njano yote imepanda juu inaelea, inazunguka, halafu ikapita ukingoni ikaenda zake. Nikabaki na mchanga mweusi na mdomo wazi.

Mzee mmoja aliyekuwa amechuchumaa ng'ambo ya pili akaniangalia bila kucheka.

"Mama wa Tanga," akasema, "umeitia nazi. Umepika, hukuosha."

Huyo ndiye Mzee Mhina, Mbondei wa huko huko chini ya mlima, mfupi, mkali, meno mawili ya mbele hana. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alinieleza kwamba dhahabu ikiwa punje huzama yenyewe, lakini ikiwa unga, mafuta kidogo tu yakiigusa inayakataa maji, inaelea na kuondoka. Dawa yake ni sabuni. Toka siku ile kila asubuhi alinisubiri kando ya mto, ananishika mkono anaunusa. Akisikia harufu ya nazi ananirudisha nikanawe upya. Watu wakadhani ananitongoza. Angenitongoza pengine ningekasirika kidogo kuliko nilivyokasirika kunuswa kama samaki wa sokoni.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu mnapokosea. Mchanga mweusi ni mzito. Dhahabu ni nzito zaidi, lakini ikiwa unga mwembamba, punje kubwa ya mchanga mweusi inaishinda. Ndiyo maana mnazungusha karai mpaka mkono unakufa ganzi na bado vyote viwili vimelala chini pamoja. Mkizidisha nguvu mnaimwaga dhahabu yenyewe. Mzee Mhina hakushindana na mchanga. Aliuweka ndooni, na ndoo ikijaa aliukausha juu ya bati kwa moto mdogo, kisha akauchekecha kwa vitambaa. Kwanza chandarua, halafu mtandio, mwisho kipande cha shela alichokipata wapi sijui. Kila kitambaa kinatoa mchanga wa ukubwa wake, na kila fungu analifanyia kazi peke yake. Punje zikishalingana ukubwa, ndipo unaweza kuzitenga kwa uzito.

Halafu inakuja sumaku. Yake aliitoa kwenye spika ya redio kubwa iliyokufa. Anaivisha mfuko wa nailoni, anaipitisha juu ya mchanga bila kugusa, na mchanga mweusi unaruka wenyewe kuushika mfuko. Anasogea pembeni, anaichomoa sumaku ndani ya mfuko, mchanga unaanguka kwenye sahani ya pili. Mie mwanzoni nilikuwa naizamisha sumaku yote mchangani ili nimalize upesi. Akanipiga kofi la mkono. Ukizamisha, inabeba fungu zima, na katikati ya fungu kuna dhahabu imenaswa, nawe unaitupa huku unajisifu. Tena hata ule mchanga uliokwisha kutolewa aliurudia mara ya pili na ya tatu. Nilikuwa nachoka kwa kumwangalia tu.

Kinachobaki baada ya sumaku ni dhahabu pamoja na mchanga mweusi mkaidi, maana upo mwingine usiojali sumaku. Huo anautandaza kwenye karatasi ya kalenda, upande unaoteleza, anagongagonga kwa ukucha na kupuliza. Pumzi ndogo sana, kama mama anavyopoza uji wa mtoto. Mchanga unasogea mbele, dhahabu inabaki nyuma. Kazi hiyo haitaki upepo hata chembe. Likumbukeni hilo la upepo, maana ndilo lililonitia mashakani baadaye.

Mzee Mhina alikuwa mtu wa ugoro. Wakati wa kupuliza alikuwa anamkabidhi mtu mwingine kikopo chake, asije akajisahau. Siku moja alijisahau. Tulikuwa kibandani, mlango umefungwa, kazi ya wiki nzima iko juu ya kalenda, amebakiza kidogo tu amalize. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Nilimwona anafumba macho, anafungua mdomo, nikajua tumekwisha. Alipiga chafya tatu mfululizo. Tulipofumbua macho karatasi ilikuwa nyeupe.

Alipiga magoti, akaanza kuzoa vumbi la sakafu kwa kiganja, nami nikapiga magoti. Tulizoa kibanda chote, na majani ya ukutani tukayakung'uta, kisha tukaanza upya kukausha, kuchekecha, sumaku, kupuliza. Ilituchukua siku tatu, na karibu yote ikarudi. Siku ya tatu akaniambia, "Ugoro nimeacha." Aliacha kama wiki. Lakini mie nilichokishika siku zile ni kwamba dhahabu ya unga hairuki mbali na mtu mwenye subira. Ningekishika kweli, leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Tulitolewa kule mtoni. Tuliambiwa pale ni chanzo cha maji, na kusema haki ni kweli. Watu wakatawanyika, wengine wakaenda machimbo ya bara, Mzee Mhina akarudi kwenye michungwa yake Muheza. Nilikuwa na viroba vya mchanga mweusi nilivyojiwekea siku nyingi, ambavyo sikuwahi kuvimaliza. Tulipoagana alinipa sumaku yake.

"Macho yangu hayaoni tena unga," akasema. "Chukua wewe. Kuna watu watakuja kukuuzia zebaki. Itakukamatia dhahabu upesi, hawasemi uongo. Lakini ukiichoma, moshi wake hauonekani, na ni mbaya. Mimi siitumii. Nyumbani usiiingize."

"Sawa, mzee."

"Unasema sawa upesi mno."

Alikuwa ananijua.

Nilirudi hapa Chumbageni, nyumba ya marehemu baba, ambako mdogo wangu Zuhura alikuwa anakaa. Naye mjane. Zuhura alikuwa anashona kofia, zile za mkono, za vitundu, ambazo bwana harusi anavaa siku moja na mjukuu wake anazirithi. Nitaongea habari zake kwa kirefu kidogo, mniwie radhi, maana hamkumwona alipokuwa mzima. Kofia moja ilimchukua miezi. Kitundu kimoja anakizungushia uzi mara nyingi, kinakaa duara kamili, kisha cha pili kinafanana na cha kwanza, mpaka mia na zaidi. Watu walikuwa wanatoka Pangani kuja kumwekea oda. Alikaa mlangoni mwa jiko letu la uani, mgongo kwenye mhimili, kwa sababu pale kuna mwanga na birika la chai liko karibu. Akishona anaimba kwa puani, wala hajui kama anaimba.

Nami nikaingiza viroba vyangu ndani ya jiko hilo hilo. Uani kwetu upepo wa bahari hauishi, na mnajua sasa kupuliza hakutaki upepo. Jikoni kulikuwa kumetulia. Dirisha nikaliziba kwa gunia, ukabaki mlango tu, na mlangoni ndipo alipokaa Zuhura. Mwanzo nilifanya kazi ya Mzee Mhina kama alivyonifundisha. Kiroba kimoja kilinichukua siku nyingi kuliko nilivyotaka, na viroba vilikuwa vingi, na mgongo unauma, na paa la chumba cha Zuhura linavuja. Nikawa nasonya peke yangu. Sumaku nikaanza kuizamisha.

Akaja mtu wa zebaki. Alikuwa nayo kwenye kichupa cha dawa ya sindano, kidogo tu, lakini ukikishika kina uzito wa kukushangaza. Akanionyesha. Unaitia kwenye mchanga mweusi, unasugua, inaokota dhahabu yote na kuuacha mchanga. Unaikamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Kidonge unakitia motoni, zebaki inaondoka, dhahabu inabaki. Kazi ya siku nne nikaimaliza kabla ya adhuhuri. Wakati anaondoka akanigeukia mlangoni. "Ukichoma, mama, jifunge pua."

Akasema hivyo tu. Nami nikajifunga pua.

Kila nilipochoma nilijifunga mtandio, nikakiweka kidonge kwenye kijiko juu ya makaa, kisha nikatoka zangu kwenye baraza ya mbele nisubiri, nikijifanya naangalia nani anapita njiani. Nilimpita Zuhura pale mlangoni. Kila mara nilimpita, naye akikunja miguu nipite. Sikumwambia toka. Nilikuwa najiambia moshi hauonekani, labda haupo. Tena nilijiambia yeye hakai ndani, anakaa mlangoni, na sikutaka kufikiri kwamba jiko lile lilikuwa na tundu moja tu la kutokea moshi. Nilichoma misimu miwili. Paa tukaezeka bati jipya, na Zuhura aliniombea dua kwa bati lile. Inaniuma mpaka leo nikiisikia mvua juu yake.

Ilianza na fizi. Akasema meno yanamwasha, chai ina ladha ya sarafu. Halafu usingizi ukampotea. Zuhura aliyekuwa mpole akawa mtu wa kukasirika kwa neno dogo, na kisha analia, na kisha anaona haya kwamba amelia. Siku moja nikamwona anatunga uzi kwenye sindano. Akakosa. Akaulowesha mdomoni, akakosa tena. Akaniangalia akacheka, "Dada, nimekuwa bibi kizee." Nikamtungia. Baada ya mwezi nilikuwa namtungia kila mara, na baada ya hapo hata akitungiwa sindano haikwenda anapotaka. Vitundu vikaanza kwenda upande. Alikuwa na kofia moja amefika nusu, akaifumua mstari mzima, akaurudia, akaufumua tena, mpaka kitambaa kikachakaa mahali pale. Akaiweka kwenye mfuko.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana, mstaarabu, akatuamkia wote wawili kabla ya kukaa. Akamwambia Zuhura anyooshe mikono mbele, akaitazama inavyotetemeka, akauliza maswali mengi. Kisha akanigeukia mie.

"Bibi, nyumbani mnachoma kitu gani?"

"Makaa," nikasema.

"Makaa tu?"

"Makaa tu, mwanangu."

Akaandika. Nimelikumbuka swali lile kuliko maswali yote niliyoulizwa duniani, kwa sababu jibu lake nilikuwa nalo mdomoni.

Sasa mjue na habari ya Bi Rehema. Huyu alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, naye mshona kofia. Walikuwa marafiki na Zuhura tangu chuo cha Qurani, wakikaa pamoja uani kwetu siku za jioni wakilinganisha kazi. Siku moja, ugonjwa haujaanza, alikuja, akaishika ile kofia iliyokuja kubaki nusu, akaigeuza geuza, akasema, "Zuhura, mikono hii kapewa mtu mmoja tu Tanga nzima." Mie nilikuwa jikoni na mchanga wangu. Zuhura alikuwa ameinuka kuchota maji mwisho wa ua, lile neno alilisikia kwa mbali tu.

Mikono ilipoharibika, watu wakaanza kuuliza nani aliisifia. Mnajua wenyewe mambo ya hapa kwetu. Mtu akisifu kitu asiseme mashaallah, kikidhurika, jicho ni lake. Shangazi zetu wakaja wakakaa kikao. Zuhura akasema alisikia sifa, hakusikia mashaallah, lakini alikuwa mbali. Wote wakanigeukia.

"Wewe ulikuwepo jikoni. Alisema?"

Nikasema, "Sikumsikia."

Nilimsikia. Alisema vizuri kabisa, kwa sauti, kama anavyosema mtu aliyefunzwa. Nami nilijua kinachomsumbua mdogo wangu ni nini, maana kichupa kilikuwa juu ya rafu, kimefunikwa na kawa. Lakini nikiwa nimekalishwa mbele ya wanawake wale, neno likatoka, na lilipokwisha kutoka nikaona raha. Hiyo ndiyo siwezi kujisamehe. Niliona raha, kama mtu aliyetua mzigo, na mzigo niliutua juu ya Bi Rehema.

Zuhura akanyweshwa makombe, maji ya aya, akasomewa. Bi Rehema akija hodi haitikiwi. Alileta uji wa mgonjwa, ukamwagwa mbele ya mlango wake. Alisimama akautazama ule uji, akarudi ndani. Kofia zake zikakosa wateja, maana nani avae kofia iliyoshonwa na mwenye jicho? Hakumaliza mwaka. Akafungasha akamfuata binti yake Horohoro, kule mpakani. Siku anaondoka mie nilikuwa barazani nikajifanya nachambua mchele.

Zebaki niliiacha. Nilichimba shimo nyuma ya choo nikazika kichupa na kijiko na makaa yake, nikaacha na kazi yenyewe ya dhahabu. Watu wakasema nimeacha kazi ili nimuuguze mdogo wangu, wakanisifu sana kwa hilo. Nikazisikiliza sifa. Miaka ikaenda. Zuhura hakufa wala hakupona. Mimi ndiye ninayemlisha kwa kijiko kitu chochote cha maji maji, namfunga vifungo, namtia udi. Ile kofia ya nusu hakuitupa. Kila mara anaitoa mfukoni, anaiweka mapajani, anapapasa vitundu kwa kidole kinachotetemeka.

Basi juzi hapa akaja binti mmoja wa mtaa wa nyuma, mchangamfu, ana mpango wa kwenda machimboni na wenzake. Alisikia niliwahi kufanya kazi hiyo. Akatuamkia shikamoo, akakaa, nikamwambia habari za kunawa mafuta ya nazi, akacheka sana. Zuhura naye alicheka, alikuwa kwenye mkeka wake na kofia mapajani. Nikawa nafurahi, kwa kweli, muda mrefu sikuwa nimeongea habari za kazi. Mara binti akafungua mkoba akatoa kichupa.

"Bibi, hayo ya sumaku na kupuliza ni ya zamani. Nimeambiwa hii inarahisisha."

Nilikijua kabla hakijafika mkononi mwangu, kwa jinsi kilivyouvuta mkono wake chini.

"Kirudishe ulikokitoa," nikasema.

"Kwa nini, bibi? Wote wanaitumia."

"Nimesema kirudishe."

"Nitajifunga pua, bibi. Wamenifundisha."

Sijui ni neno lile la pua, au ni vile alivyonitazama, mzima, ana mikono mizuri. Nikamwambia, "Umeiona mikono ya bibi yako yule pale? Ni hicho hicho. Nilichoma mie, ndani ya jiko lile, naye amekaa mlangoni. Nilijifunga pua."

Binti akainamisha kichwa. Zuhura akanigeukia.

"Dada, umesema nini?"

Nikamwambia yote, mbele ya mtoto wa watu, kwa sababu nilijua binti akiondoka sitathubutu tena. Nilimwambia ya Mzee Mhina, ya daktari, ya kichupa chini ya kawa. Kisha nikamwambia na la Bi Rehema. "Alisema mashaallah, Zuhura. Nilimsikia."

Mikono ilikuwa inacheza juu ya kofia kama kawaida yake.

"Nilikuwa nakuona unavyojifunga mtandio," akasema. "Nikadhani makaa yanakukera. Ungeniambia tu nitoke, dada. Ningetoka."

Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Binti aliinuka akaaga, nami nikamfuata mpaka mlangoni nikampa sumaku ya Mzee Mhina. Nikamwambia aivishe mfuko, asiizamishe, mchanga aurudie mara tatu, na siku ikimchosha akalale. Kile kichupa nilimwomba tena akirudishe, na akijaribiwa kukichoma, akumbuke kwamba mtandio haukuzuia kitu, mie niliokoka kwa kutoka nje na kumwacha mwenzangu. Aliitikia sawa. Aliitikia upesi mno, na nikasikia sauti yangu ya zamani.

Nyie mnaosoma, hamkai karibu nami niwanuse mikono. Ninachoweza ni kuwaambia tu. Mchanga mweusi unachosha na utawachosha. Mtakaa siku nne kwa kitu kisichojaa kizibo cha soda, na jirani yenu atamaliza kabla ya adhuhuri na kuwacheka. Acheni acheke. Na kama mtu anachoma karibu nanyi, inukeni mwondoke, msingoje aje kuwaambia, maana huenda ni mtu mwenye haya kama mie.

Zuhura hakusema nami mpaka alasiri ya siku ya pili. Alichosema ni, "Nipeleke Horohoro."

Tulikwenda. Alikaa dirishani, mfuko wa kofia mapajani, hakutaka nimshikie. Tulipofika tukauliza nyumba ya binti yake Bi Rehema, tukaonyeshwa. Bi Rehema alikuwa barazani, amezeeka, miwani puani, kitambaa cheupe mkononi. Bado anashona. Akainua uso.

"Hodi," Zuhura akasema.

"Karibu." Halafu akamtambua. "Zuhura?"

"Rehema, nimekuja kukutaka radhi. Hukunifanya kitu. Ndiyo kwanza nimeambiwa."

Bi Rehema akaweka sindano yake chini. Akamkamata Zuhura mikono yote miwili, akaishika kwa nguvu kama anataka itulie, haikutulia. Akaitazama kwa muda. Kisha akanitazama mie. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, nikayatoa, "Bi Rehema, siku ile ulisema mashaallah. Nilikusikia. Nikawaambia sikusikia."

"Najua ulinisikia," akasema. "Uliniitikia. Mie nilisema mashaallah, na wewe kule jikoni ukasema mashaallah."

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa, na alipolisema nikaisikia sauti yangu mwenyewe, ya furaha, na mchanga kiganjani. Miaka yote hiyo amekaa kule mpakani akijua.

Alimshika Zuhura bega wakavua viatu, akampeleka ndani, pazia likarudi mahali pake. Baadaye binti yake alipita na sinia ya kahawa, vikombe viwili. Nilisikia Bi Rehema akimwambia Zuhura asishike, atamshikia yeye, anywe polepole, kahawa ni moto. Nikasikia mfuko unafunguliwa.

"Ulikomea wapi?"

"Hapa," Zuhura akasema. "Mstari huu niliufumua mara nyingi."

"Nimeuona. Tutaruka hapa, tuanzie kitundu hiki cha pembeni. Wewe niambie tu, mie nitashona."

Kandambili zao zilikuwa mbili mbili mlangoni. Mie nilikaa barazani na zangu miguuni mpaka gari la kurudi lilipokaribia, na hakuna aliyeniambia karibu.